Nilivyokwenda Kufoka Mbele ya Baba, Basotu

Safari hii niliifanya kwa sababu baba yangu alikuwa haongei na mimi. Alikuwa ameninyamazia misimu miwili ya ngano, na kwetu Mbulu kimya cha baba si jambo la kuchezea. Mtoto akichapwa leo, kesho anacheka. Lakini mtoto aliyenyamaziwa na baba yake, hata chai haimshuki vizuri, na akipata jambo jema anajiuliza kama litadumu.

Kilichomkasirisha ni muziki. Nilikuwa Arusha, mchana nasuka watu nywele, jioni nachana mistari na vijana wawili wa mtaani kwetu. Enzi hizo wakubwa waliita hip hop muziki wa kufokafoka, na msichana akishika maiki walisema amekosa malezi, au mume, au vyote viwili. Hata wale vijana wenyewe, ambao nilikuwa nawaandikia nusu ya mistari yao, jukwaani walinipa kiitikio tu. Nilikuwa nasimama pembeni kama pambo, naimba "oo, aa", halafu watu wanawapigia makofi wao. Roho ilikuwa inaniuma, sifichi. Mwishowe prodyuza mmoja, mtu mkimya mwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akasema atanirekodia wimbo mmoja kwa jina langu, mwezi huohuo, kabla hajahamishia mitambo yake Dar es Salaam.

Basi nikiwa katika furaha hiyo ndipo ikaja salamu ya baba. Aliyeileta ni dereva wa lori lililopeleka ngano kinu cha Arusha. Baba alikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Basotu, tangu mimi sijazaliwa. Salamu yenyewe ilikuwa fupi. Nije kwenye sherehe ya kufunga mavuno, nifoke hicho ninachofoka mbele ya watu anaofanya nao kazi, yeye akiwa amekaa hapo anasikia. Ikiwa si aibu, hatasema neno tena juu ya jambo hilo. Ikiwa aibu, nitaweka maiki chini, nitarudi kwa mama kijijini, Maretadu, na chuo cha ushonaji cha misheni kipo.

Nilimwambia yule dereva amjibu kwamba nakuja. Usiku huo sikulala vizuri, lakini nilikwenda.

Arusha, alfajiri, nilipanda basi la Mbulu nikiwa na begi moja, kaseti ya biti niliyoazimwa, na koti, maana ilikuwa mwezi wa saba na baridi ya kwetu hainaga adabu. Kwenye kiti jirani alikaa baba mmoja mwenye Biblia mapajani. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema mimi ni mwanamuziki. Akafurahi sana, akauliza kwaya gani. Nikamwambia siyo kwaya, ni hip hop. Akatafakari mpaka tukapita Mto wa Mbu, kisha akaniuliza kwa upole kama wazazi wangu wapo hai. Nikajua maana yake.

Karatu tulikunywa chai ya haraka, basi likashika barabara ya Mbulu, ile nyekundu inayopanda na kushuka milimani. Nilipoona mashamba madogomadogo yaliyopangika kwenye miteremko na ng'ombe wawili watatu mbele ya kila nyumba, nikafungua dirisha nione vizuri. Mbulu mjini tulifika jua likiwa limelegea, mikaratusi inanuka, watu wamejifunga mablanketi. Nililala kwa rafiki wa mama wa kanisani, na asubuhi nikapata lori la mahindi linalokwenda Haydom kupitia Dongobesh. Dereva alinishusha Maretadu njia panda, vumbi limenigeuza rangi.

Maretadu nilimkuta mama uwanjani na akina mama wa jirani, wanapiga maharage kwa fimbo. Asiyejua kazi hiyo nimweleze. Maharage makavu yanatandazwa chini, watu wanasimama pande mbili wakitazamana, fimbo za upande huu zikipanda za upande ule zinashuka, mpaka maganda yapasuke. Hakuna anayehesabu, ila ukikosea pigo unapigwa fimbo ya mkono. Mama aliponiona alinikumbatia, akanitazama kucha, akanitazama nywele, kisha akanipa fimbo. Huyo ndiye mama yangu. Salamu ndefu ni za watu wasio na maharage.

Wakati wa kupumzika akaniambia, haya, foka basi tukusikie kabla baba yako hajakusikia. Mama ni sauti ya kwanza ya kwaya ya kanisani, na masikio yake yanaogopwa parokia nzima. Nikawaomba akina mama waendelee kupiga fimbo taratibu, nikaanza mistari niliyoitunga kwa ajili ya safari hii:

Tope jeusi la Basotu lilimeza magurudumu,
homa ikamkamata dereva, koo kavu, ulimi mgumu.
Akatokea mzee na fimbo, na kibuyu begani,
akasema huyu wa trekta tumpeleke nyumbani.

Hiyo ni hadithi ya kweli ya nyumbani kwetu, tuliyolelewa nayo. Baba akiwa kijana, trekta lake lilizama kwenye matope karibu na ziwa wakati wa masika, peke yake, na homa ikampiga palepale. Aliyemwokota ni mzee wa Kibarbaig, mfugaji, ambaye malisho yake ndiyo hasa yale baba aliyokuwa ametumwa kuyalima. Angeweza kupita zake. Badala yake alimbeba na vijana wake mpaka bomani, akamnywesha maziwa siku nyingi hadi akasimama. Mzee huyo alikuwa ameshafariki, na mimi niliona hakuna wimbo bora kuliko huo. Utamgusa baba, utawagusa na wenyeji.

Nilipomaliza mama aliegemea fimbo yake. Akauliza mbona sauti haipandi wala haishuki. Nikamwambia ndivyo ulivyo muziki wenyewe. Akasema basi ni kama kuhubiri, ila kwa haraka ya mtu anayefukuzwa. Halafu akafuta macho kwa pembe ya kanga, akasema maneno yenyewe lakini ni mazuri, na kwamba atakuja na mimi Basotu. Kama ni kunishuhudia au kunisitiri, atajua hukohuko.

Siku ya kwenda Basotu tulipanda lori la shamba lililokuja kuchukua vibarua wa kufungasha magunia. Baada ya Haydom milima inaachia, nchi inafunguka, na upepo unakuja bila kizuizi. Ghafla ukaanza unjano. Ngano upande huu, ngano upande ule, mpaka macho yachoke, na Mlima Hanang umekaa nyuma yake na wingu kichwani. Sehemu kubwa ilikuwa imeshavunwa, mabua matupu, kombaini zimeegeshwa kwa mstari. Kando ya barabara Wabarbaig walikuwa wanapitisha ng'ombe kwenye kichochoro chembamba walichoachiwa kati ya mashamba, mbwa nyuma, fimbo mabegani.

Mbele kidogo mama akanishika mkono akanionyesha. Katikati ya kipande cha ngano kilichokuwa bado kimesimama palikuwa na duara la majani mabichi, na ndani yake kichuguu kikubwa cha udongo. Ni kaburi la yule mzee. Wabarbaig mtu mkubwa akifa wanamjengea kilima, ukoo mzima unakusanyika. Makaburi mengine kwenye mashamba hayo yalipitiwa na plau. Hili, mama alisema, kila mwaka baba yako ndiye anayelima kipande hiki, na kila mwaka anazunguka. Sikuwa nalijua hilo. Baba hakuwahi kulisema.

Basotu tulishuka karibu na karakana. Baba alikuja akiwa na kofia yake ya kitambaa na mafuta mikononi. Nikasema, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba," akachukua mzigo wa mama, akatangulia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote siku hiyo. Nyumba za wafanyakazi ni za wanaume wawiliwawili chumba kimoja, kwa hiyo alitupeleka kulala bomani kwa familia ya yule mzee, ambako yeye amekuwa kama ndugu tangu homa ile.

Mwenyeji wetu aliitwa Udamajega, mke wa mtoto mkubwa wa marehemu. Mama mtu mzima, mrefu, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, na kicheko kinachotangulia maneno. Kiswahili alikijua vizuri kwa kuuza maziwa kwenye kambi ya wafanyakazi miaka mingi. Alitupa maziwa kwenye kibuyu, akanitania kwamba mimi ni mwembamba, Arusha wanakula hewa. Nilimuuliza habari za mkwe wake, akanisimulia mengi, jinsi alivyopenda ng'ombe na alivyogawa maziwa. Kila mara alimwita "yule mwenyewe wa boma". Mimi nilisikia, nikanywa maziwa yangu, sikujiuliza kitu.

Jumamosi mchana sherehe ilifanyika nje ya kantini. Kipande kile cha kaburini kilikuwa hakijavunwa, ila mgeni wa heshima alipatikana siku hiyo tu, kwa hiyo mavuno yakafungwa kabla hayajaisha, kama kawaida ya mambo ya kiofisi. Watu walikuwa wengi. Madereva na mafundi mbele na familia zao, vibarua nyuma, na upande mmoja akina mama wa Kibarbaig wamekuja na sketi zao za ngozi za sikukuu. Baba alikaa safu ya kwanza, kofia juu ya goti. Mama alikaa nyuma yake, nadhani amshike akitaka kuondoka.

Nikapanda kwenye tela lililokuwa jukwaa. Biti ikaanza. Mistari ya kwanza ilishika, nasema ukweli bila kujisifu, au nikijisifu basi kidogo. Vibarua walisogea. Kwenye tope na homa nikaona mafundi wanamgeukia baba, wanacheka, wanampiga bega, na baba amekaza shingo lakini hajakasirika. Moyo ukanipanda. Nikasema moyoni, nimeshinda.

Hapo ndipo mazoea ya jukwaa yakaniponza. Kwetu kwenye hip hop jina ndiyo kila kitu. Unataja lako, unataja la mtaa wako, unataja la unayemheshimu, na watu wakulitajie kwa sauti. Basi nikalitaja jina la yule mzee, lote, la kwake na la baba yake, nikaelekeza maiki kwa akina mama wa Kibarbaig, nikawaambia walitaje. Kimya. Nikadhani hawakusikia. Nikarudia, nikasema bado sijawasikia akina mama. Wakaangalia chini. Mwingine akajifunika uso kwa shuka. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikaruka kutoka kwenye tela, nikaenda mpaka kwa Udamajega, nikamshika mkono kwa mapenzi kabisa, nikamwekea maiki mdomoni.

Alifunika mdomo kwa kiganja. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake akichezea moto, akautoa mkono wangu taratibu, akaondoka. Wenzake wote wakamfuata, bangili zinalia. Biti ikaendelea peke yake. Nikageuka nikamwona baba anasimama. Alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akaenda zake upande wa karakana bila kugeuka nyuma.

Sikumbuki nilivyomaliza. Nakumbuka mama ananivisha koti.

Bomani jioni ile tulipewa maziwa kama jana, ila bila utani. Mama alisema tu kwamba Jumatatu kuna lori la Haydom, na kwamba ushonaji si kazi mbaya. Nililia nikiwa nimegeukia ukutani. Nilidhani wamenidharau. Nilisema moyoni, hata wanawake wenzangu hawataki kumsikia msichana anayefoka, sasa nani atataka? Nikaona kabisa magodoro ya studio yanabanduliwa, na mimi nipo Maretadu nakunja pindo la sare za shule.

Jumapili asubuhi, jua linachomoza, nikaona akina mama wanafika mmojammoja na kukaa kwenye majani nje ya boma, wamefanya duara. Wanaume walikuwa wanapita mbali, wanajifanya wana haraka. Mtoto wa marehemu, mume wa Udamajega, alimweleza mama kwa sauti ya chini kwamba hicho ni kikao cha wanawake. Mwanaume akimkosea mwanamke, wanawake ndio wanaohukumu, na huyo mwanaume atatoa dume la ng'ombe apende asipende. Hata yeye na mvi zake hawezi kusogea pale. Kisha akasema wananiita mimi.

Nikaenda. Mama alitaka kuja nami, wakamruhusu akae, asiseme. Udamajega alizungumza kwa Kiswahili ili nielewe, wengine wakitikisa vichwa.

Alinieleza kwamba mke aliyeolewa kwao hataji jina la baba mkwe wake, akiwa hai wala akiwa kaburini. Hataji jina la baba wa baba mkwe pia. Hiyo ndiyo heshima anayoingia nayo bomani na ndiyo anayozikwa nayo. Pale kwenye duara wote walikuwa wakwe wa mzee yule au wa ndugu zake. Na mimi nimesimama mbele ya mgeni wa heshima, mbele ya vibarua, nikawalazimisha.

"Ulitaka tumwite kama tunavyoita mbuzi," alisema.

Niliomba radhi. Nilisema sikujua, nilisema nilitaka kumsifu, nilisema baba yangu asingekuwa hai bila yeye. Wakasikiliza. Wakajadiliana kwa lugha yao muda mrefu, na bibi mmoja mwenye mvi alionekana kusema maneno makali, na mwingine akamjibu, na wote wakacheka, na mimi nikawa sijui kama nicheke. Mwishowe Udamajega akanigeukia.

"Ungekuwa mwanaume ungelipa dume. Wewe huna ng'ombe. Utalipa kwa hicho ulicho nacho. Utamwimbia pale alipo, na sisi tutakuitikia, lakini kwa namna yetu."

Nikauliza namna yao ni ipi kama jina halitajwi. Basi hapo, jamani, ndipo niliposhikwa butwaa. Kila mmoja alikuwa na yake. Miaka yote hiyo ya kutotaja wamejitengenezea njia za kumzunguka. Mmoja alimwita aliyegawa maziwa ndama akingoja. Mwingine, mwenye fimbo isiyopiga mtu. Bibi yule mkali alimwita mwenye kikohozi cha asubuhi, kwa sababu alipoolewa, kikohozi cha mkwewe ndicho kilichomwamsha kukamua. Wakati wanasema wengine walifuta macho. Mimi nilikuja na jina moja tu, tena la kuazima, na wao walikuwa wamekaa juu ya wimbo mzima.

Tulikwenda kaburini asubuhi hiyohiyo, tukikanyaga mabua. Kombaini moja ilikuwa inamalizia kile kipande, na nilijua ni nani aliye juu yake hata kabla sijaiona kofia. Ilikuwa inazunguka duara la majani mabichi, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayenyoa kichwa cha mtoto. Akina mama walisimama upande mmoja wa kichuguu. Sikuwa na biti wala maiki. Nikamwomba mama apige makofi kama fimbo za maharage, pigo huku pigo kule, na akina mama wakaongeza miguu na bangili. Nikaanza na tope na homa. Nilipofika kwenye kiitikio nikawauliza:

Nani aliyegawa maziwa, ndama akangoja?
"Yeye!"
Nani aliyetoka na fimbo, akarudi na mgeni mmoja?
"Yeye!"
Nani analala kwenye ngano, na ngano inampisha?
"Yeye! Mwenyewe wa boma!"

Sijawahi kuitikiwa vile, kabla wala baada. Nimeshapanda majukwaa makubwa tangu siku hiyo, yenye taa na moshi wa bandia, lakini vile sijawahi. Nywele zilinisimama. Kwenye mara ya tatu nikagundua tunasikika zaidi, na ni kwa sababu injini ya kombaini imezimwa. Baba alikuwa ameshuka. Alisimama kwenye mabua, mbali kidogo, kwa sababu kile bado kilikuwa kikao cha wanawake na yeye anajua mipaka. Kofia ilikuwa mkononi. Alisimama hivyo mpaka tulipomaliza. Halafu akaivaa, akapanda juu, akawasha, akaendelea kuvuna.

Sikujua hilo lilikuwa na maana gani. Mama naye alisema hajui, na amekaa naye miaka mingi kuliko mimi. Udamajega ndiye aliyekuwa na furaha. Alirudia utani wake wa hewa ya Arusha na kunifungia kibuyu cha maziwa ya mgando.

Jumatatu mama alipanda lori la Haydom kurudi kwenye maharage yake. Mimi begi langu lilikuwa mlangoni na sikujua liende upande gani. Mama ndiye aliyeniambia nisubiri, baba aliyeniita aseme mwenyewe. Baadaye baba akaja na gari la shamba, akasema anakwenda Katesh kuchukua vipuri, nipande. Katesh kuna mabasi ya Babati na Arusha. Maretadu haipo njia hiyo. Nikapanda, nikaogopa hata kumuuliza.

Njia nzima aliangalia barabara. Tukaliacha ziwa, tukaacha ngano, Hanang ikawa inasogea mpaka ikajaza kioo cha mbele. Katesh, stendi, akaniacha garini akaingia dukani. Alirudi na betri za redio, zile kubwa, akazitia mfukoni mwa koti kama mtu aliyeiba. Redio ya baba ilikuwa imekaa bila betri tangu siku aliposimuliwa na wenzake kwamba wamenisikia humo, kwenye wimbo wa wale vijana, nikiimba "oo, aa". Nilizitazama, akaona nazitazama.

Basi likaanza kupiga honi. Nikasema, "Baba, naomba ruhusa." Akaangalia mlima.

"Nenda ukaimbe," alisema. "Na siku ukiniimba mimi, usinitaje. Nizungukie hivyohivyo. Watanijua."

Nilimshika mikono yote miwili, na mafuta yake ya mashine, nikalia stendi ya Katesh mbele ya wauza mahindi ya kuchoma. Naye hakunizuia.

Arusha nilifika usiku, kesho yake nikaenda studio. Vijana wangu wawili walikuja kusikiliza, na kwa kuwa akina mama wa Basotu hawakuwepo, prodyuza akawapanga wao waitikie. Walisimama pembeni ya maiki, wakaimba "yeye, yeye" mpaka jasho likawatoka. Nilijitahidi nisitabasamu, sikuweza. Prodyuza akashauri tuweke jina la mzee mwishoni, wimbo uwe na uzito. Nikakataa. Akasema bila jina watu hawatajua ni nani. Nikamwambia wanaotakiwa kujua watajua, na asiyetaka hivyo anipe kaseti yangu niondoke. Alinitazama, akabonyeza kitufe cha kurekodi.

Wimbo ulipoanza kupigwa redioni, dereva wa lori la ngano aliniletea salamu mbili. Ya kwanza ni ya Udamajega, kwamba wamesikia kwenye kambi ya wafanyakazi, wakakaa chini kimya mpaka ukaisha, na kwamba deni langu limelipwa. Ya pili haikuwa salamu hasa. Dereva alisema tu kwamba baba siku hizi akiingia chumbani anawasha redio kabla hajavua viatu, na mwenzake anayelala naye chumba kimoja anamlalamikia kelele.

Nilitoka Arusha nikiamini kwamba kumheshimu mtu ni kumtaja kwa sauti kubwa kuliko wengine. Nilirudi nikijua kuna watu wanaobeba heshima maisha yao yote bila kuitamka, na kwamba ukitaka kusimama mbele yao na maiki, uulize kwanza nani haruhusiwi kusema nini. Msomaji atakuwa ameona kwamba mzee wa maziwa sijamtaja mahali popote humu, na baba yangu pia sijamtaja. Nenda Basotu ukasome haya kwa sauti, utaona watakavyogeuka kutazama kaburi, halafu watazame kombaini.